SOMO: Usitaje mbinu tu, sema inafanya nini ndani ya shairi

Mitihani ikikaribia swali huwa ni lile lile: "Nimetaja tashihisi (kukipa kitu sifa za mtu), nimetaja takriri (kurudia neno), na mifano nimetoa. Mbona sikupata alama zote?" Naandika jibu hapa mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Nimetunga beti mbili za kufanyia kazi, ili mtu asikimbilie mwongozo kabla hajasoma mwenyewe:

*Mwanangu wenda mjini, wenda kutafuta mali,*
*Kumbuka nyuma nyumbani, uendako huko mbali,*
*Mamako kibarazani, akungoja kila hali,*
*Taa haijazimika, mlango haujafungwa.*

*Mwana jana karejea, barazani akafika,*
*Kiti tupu changojea, vumbi limekifunika,*
*Ukuta kaegemea, akiita akichoka,*
*Taa haijazimika, mlango haujafungwa.*

Hatua ya 1. Soma kwa sauti mara mbili, kalamu ikiwa chini.

Hatua ya 2. Andika umbo, kisha songa mbele. Mishororo 4, kwa hiyo tarbia. Vipande 2 kila mshororo, ukwapi (cha kwanza) na utao (cha pili), kwa hiyo mathnawi. Mizani, yaani silabi, 8 kwa 8. Vina, silabi zinazofanana mwishoni mwa vipande, vinabadilika toka ubeti hadi ubeti, kwa hiyo ukaraguni. Lina kibwagizo, mshororo wa mwisho unaorudiwa kila ubeti. Basi. Hapa bado hujagusa maana.

Hatua ya 3. Tafuta nafsineni (anayesema) na nafsinenewa (anayeambiwa). Ubeti wa kwanza una "mwanangu": mama anasema na mwanawe ana kwa ana. Ubeti wa pili una "mwana". Ile "-ngu" imetoweka. Anayesema sasa ni mtu mwingine anayetazama kwa mbali, na mama hasikiki tena. Shairi halikusema popote kwamba mama amefariki. Limemwondolea sauti tu, nasi tukaelewa.

Hatua ya 4. Uhuru wa mshairi. Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo tutulie. Ukiulizwa kuhusu inkisari, yaani kufupisha neno, mkono unaandika wenyewe: "ametumia ili kutosheleza mizani." Jibu hilo ni sahihi, na swali likiwa la arudhi (kanuni za umbo la shairi) peke yake litakupa alama. Lakini swali likitaka maana, hujajibu kitu. Chukua "mamako". Ni kweli "Mama yako kibarazani" ingetoa mizani 9. Lakini mshairi angeweza kuandika "Mama yu kibarazani", nayo ni mizani 8 kamili. Kwa hiyo mizani peke yake haitoshi kueleza kwa nini amechagua "mamako". Ile "-ko" inamfunga mama na mwana katika neno moja. Mama anajitaja kupitia kwa mwanawe, kana kwamba hana jina jingine. Hiyo ndiyo kazi ya inkisari hapa, na ndiyo inayofanya "mwana" ya ubeti wa pili iume.

Fanya vivyo hivyo kwa kuboronga sarufi, yaani kupindua mpangilio wa maneno. "Ukuta kaegemea" badala ya "kaegemea ukuta": kina cha "-ea" ndicho kilichodai mpangilio huo, hilo liseme. Kisha ongeza kwamba ukuta umetangulizwa, na kitu cha kwanza anachokigusa kijana aliyerudi nyumbani ni ukuta, si mama.

Tahadhari mbili. Kwanza, jaribu kuutunga upya mshororo kwa neno jingine lenye mizani ile ile. Maana ikibadilika, umepata la kuandika. Isipobadilika, usilazimishe. Pili, kila unalodai lionyeshe kwenye neno. "Inkisari hii inaonyesha huzuni" bila kusema huzuni iko katika silabi gani ni hewa.

Hatua ya 5. Tamathali, yaani usemi wa picha. Itaje, inukuu, eleza kazi yake. "Kiti tupu chan­gojea" ni tashihisi: kiti kimepewa tendo la mtu. Sasa rudi juu. Nani alikuwa akingoja katika ubeti wa kwanza? Mama, "akungoja". Kitenzi ni kile kile, mtendaji amebadilika. Kiti kimerithi kazi ya mama. Ukiishia kwenye "kiti kimepewa uhai", umeacha nusu ya jibu mezani.

Hatua ya 6. Kibwagizo. Usiandike "kinasisitiza ujumbe" ukaondoka. Uliza: maneno ni yale yale, je, yanasema jambo lile lile? Katika ubeti wa kwanza ni ahadi ya mama. Katika wa pili ahadi bado inatimizwa, ila aliyeahidi hayupo.

Haya, maswali.

MASWALI

Kidato4_Tayari: Mwalimu naomba orodha ya mbinu zote na umuhimu wa kila moja nikariri, mtihani ni wiki ijayo.

Jibu: Sina orodha hiyo na sitaiandika. Umuhimu wa takriri unategemea shairi ilimo. Rudi hatua ya 5.

Kidato4_Tayari: Lakini wenzetu wamepewa orodha na mwalimu wao.

Jibu: Na ndio wanaokuja kuniuliza mbona alama hazikutimia. Soma hatua ya 4 pole pole, ujaribu na shairi lolote ulilo nalo, kisha leta jibu lako hapa nilisahihishe. Hilo nitalifanya kwa moyo mmoja.

BintiLamu: Shikamoo mwalimu. Kuna jambo linanisumbua. Kiti kimejaa vumbi, kwa hiyo mama hayupo muda mrefu. Sasa taa nani anaiwasha?

Jibu: Marahaba binti yangu. Umeuliza swali ambalo ubeti wote umejengwa kulifikia. Vumbi na taa havikai pamoja, na mgongano huo ndio unaokulazimisha uache kuiona taa kama chombo. Njia ziko mbili. Ya kwanza, jirani au ndugu ameendelea kuiwasha, basi kungoja kumekuwa kazi ya mtaa mzima. Ya pili, taa imekuwa jazanda, picha inayosimamia jambo jingine: mapenzi ya mama, yasiyohitaji mafuta. Zote zinakubalika ukizitetea kwa maneno ya shairi. Mimi naelemea ya pili, kwa sababu kijana anaita mpaka anachoka na hakuna anayeitika. Angekuwepo wa kuwasha taa, angeitika.

BintiLamu: Basi nyanya husema watu wa zamani walifumba wakaelewana bila maelezo.

Jibu: Kweli kabisa. Muyaka bin Haji wa Mombasa alipofumba mambo ya vita na siasa za mji wake, wasikilizaji waliyajua matukio, fumbo likafunguka lenyewe. Sisi tuko mbali na matukio hayo, ndiyo maana tunayahitaji maelezo ya historia pembeni. Mwombe nyanya akughanie beti anazozikumbuka, uziandike.

Mzalendo_Dodoma: Huku kwetu Tanzania tunaulizwa fani (umbo na mbinu) na maudhui (ujumbe). Somo hili linatuhusu?

Jibu: Linawahusu sana. Hatua ya 2 ni fani tupu. Kuanzia ya 3 unaonyesha fani inavyozaa maudhui. Usiziandike kama vyumba viwili visivyo na mlango.

kalamu_kavu: mbona umesema mizani 8 kwa 8, kwenye kibwagizo mlango mi naona ni mizani 2 si 3

Jibu: M-la-ngo. Hiyo "m" ya mwanzo inatamkwa peke yake, kwa hiyo ni silabi. "Mwana" ni 2 kwa sababu "m" imeungana na "w". Maneno mafupi kama "nchi" na "mbwa" yana mizani 2, huwapoteza wengi. Piga kofi kwa kila silabi ukisoma.

Mghani_Tanga: Nyongeza kidogo, mwalimu. Ukilighani shairi badala ya kulisoma, mizani iliyopungua inajifichua, maana sauti inakosa pa kukanyaga.

Jibu: Ahsante sana ndugu. Nawaomba wote wafuate hilo. Na anayeona haya kughani darasani aghani akiwa njiani kwenda shule.

Wino_huru: Na shairi huru? Halina vina wala mizani, hatua ya 4 itafanya kazi vipi?

Jibu: Swali zuri. Utulize macho pale mstari unapokatika. Mstari mshata, usiojitosheleza, unakuacha ukining'inia kabla ya neno linalofuata. Uliza kwa nini mshairi amekata hapo na si neno moja mbele, kisha usogeze mkato mwenyewe usikie tofauti. Tazama pia neno lililoachwa peke yake kwenye mstari. Kama una shairi huru mkononi, tupia mistari minne hapa tuifanye pamoja.