Kubadilisha tabo ya gari mwenyewe: anza na njia ya oili

Tabo (turbo, feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia injini hewa) haifi bure. Shafti yake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, nyingine hupita 200,000, na kinachoibeba ndani ya bushi zake ni utando mwembamba wa oili tu. Oili ikichelewa kufika, ikipungua au ikiwa chafu, habari yake imekwisha. Ndiyo maana wapo wanaofunga tabo mpya leo na kuirudisha dukani baada ya siku chache wakilalamika kwamba ni feki, kumbe kilichoua ile ya kwanza bado kimo ndani ya injini. Kwa hiyo hapa nitakaa zaidi kwenye oili. Bolti utazifungua tu, ukiwa na spana na subira.

1. Hakikisha mgonjwa ni tabo

Gari kukosa nguvu na kutoa moshi mweusi si ushahidi wa kutosha. Hozi ya hewa iliyopasuka hufanya hivyohivyo. Pitia hozi zote, kutoka kwenye tabo hadi intakula (kipoza hewa kilicho kati ya tabo na injini) na kutoka intakula hadi injini. Panapovuja mara nyingi pana unyevu wa oili uliogandana na vumbi.

Kisha, injini ikiwa imezimwa na imepoa, vua bomba la hewa linaloingia kwenye tabo na ushike ncha ya shafti kwa vidole viwili. Itikise kushoto na kulia: pleyi (ulegevu) kidogo ya pembeni ni ya kawaida, kwa sababu oili inayojaza nafasi hiyo haipo wakati injini imezimwa. Sasa ivute na kuisukuma. Huku hutakiwi kuhisi kitu. Mapanga ya feni yakiwa yamekwaruza ukuta, hiyo tabo ni ya kubadilisha. Yakiwa yamemegeka, kuna kitu kigumu kimepita hapo, na vipande lazima vitafutwe kabla ya kufunga nyingine.

2. Nunua vyote kwa pamoja

Soma namba kwenye kibati cha tabo yako na uilinganishe na ya mpya. Tabo mbili zinaweza kufanana kwa umbo na zisiwe sawa. Pamoja nayo chukua gasketi zote, washa mpya za shaba, oili ya daraja linalotajwa kwenye kitabu cha gari, filta ya oili, eya klina, na bomba jipya la kupeleka oili kwenye tabo. Hilo bomba usilifanyie ubahili.

3. Kufungua

Nati za upande wa moshi ndizo zenye ukorofi, maana zimepikwa na joto kwa miaka. Zipulizie dawa ya kulegeza kutu siku moja kabla. Tumia soketi ya pembe 6, ile ya pembe 12 hula kona za nati. Nati ikigoma, ilegeze robo, irudishe, ilegeze tena. Ukilazimisha kwa mkupuo mmoja utakata stadi (bolti isiyo na kichwa inayoshika nati), na kuchomoa stadi iliyokatikia kwenye manifoldi (bomba linalokusanya moshi wa injini) ni kazi nyingine kabisa.

Chomoa betri. Kama unaingia chini ya gari, liweke juu ya stendi, si jeki peke yake. Piga picha kila hozi na kila plagi ya umeme kabla ya kuigusa. Tabo ikiwa na mabomba ya maji, mwaga kulanti (maji ya kupoza injini) kwanza. Ukishatoa bati la kukinga joto na mabomba ya hewa, fungua bomba la oili, la kurudisha oili, la moshi, halafu nati za manifoldi. Kila tundu linalobaki wazi lizibe kwa kitambaa safi, na uhesabu vitambaa. Washa moja ikitumbukia ndani, kazi yote inaanza upya.

4. Tafuta muuaji

Chukua bomba la zamani la kupeleka oili ulikate kwa msumeno. Likiwa na ukoko mweusi mgumu ndani, kama sufuria iliyounguza, umempata. Angalia pia bolti yenye tundu inayoshika bomba hilo: kwenye baadhi ya injini ina kichujio kidogo cha wavu, na kikiziba, tabo inakunywa matone.

Bomba la kurudisha oili nalo lisisahaulike. Oili hushuka kwa uzito wake tu, hakuna pampu inayoivuta. Bomba likiziba au kubonyea, oili hupita kwenye sili na kumwagikia kwenye moshi na intakula. Hali ni hiyohiyo bomba la kupumulia la injini likiziba, kwa sababu shinikizo la ndani huzuia oili kushuka.

Intakula itoe, uigeuze, uimwage. Kwenye gari la dizeli hili si la hiari: oili iliyotuama humo ikivutwa na injini huwa mafuta ya kuiendesha, na ukizima swichi haizimi.

5. Kufunga

Usipake silikoni kwenye gasketi za oili. Inayozidi hukatika vipande na kwenda kuziba tundu ulilotoka kusafisha. Usiinue tabo kwa kushika fimbo ya akchueta (kifaa kinachodhibiti nguvu ya tabo), wala usiguse skrubu yake ya kurekebishia, imeshapimwa kiwandani. Anza nati zote kwa mkono, kisha zikaze kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha kitabu.

Kabla ya kuunga bomba la oili, mimina oili safi kwenye tundu lake huku ukizungusha shafti kwa kidole, hadi uione ikitokea chini.

6. Kuwasha

Badilisha oili na filta kwanza. Chomoa plagi za umeme za nozeli (zinazopuliza mafuta kwenye injini) ili injini isiwake, kisha piga stata sekunde 10 hivi, pumzisha, rudia mpaka taa ya oili izimike. Taa ya injini inaweza kuwaka kwa sababu ya plagi. Utaifuta baadaye kwa mashine.

Rudisha plagi, washa, na uache injini ingurume taratibu dakika kadhaa bila kugusa mafuta. Moshi wa bluu mwanzoni ni oili ya zamani inayoungua kwenye bomba la moshi. Usipoisha baada ya mwendo mfupi, rudi kwenye bomba la kurudisha oili. Mulika tochi kwenye kila kiungo, endesha polepole, acha ipoe, halafu pima kiwango cha oili na ukague tena nati za manifoldi.