Kiungulia na kichefuchefu: la kufanya kabla hujamfikia daktari

1. Hakikisha unaweza kusubiri

Ukitapika damu au kitu cheusi kama unga wa kahawa, ukipata choo cheusi tii kinachonata, chakula kikikwama kifuani, au maumivu ya kifua yakikimbilia mkononi au tayani huku jasho linakutoka, usiendelee kusoma. Nenda hospitali sasa hivi. Kichefuchefu chenye homa, kapime malaria. Na kama siku zako zimechelewa, anza na kipimo cha mimba.

2. Ondoa vichokozi

Cha kwanza ni diklofenaki na ibuprofeni, dawa za maumivu unazomeza kwa ajili ya mgongo. Tumia paracetamol. (Aspirini uliyoandikiwa kwa ajili ya moyo usiiache mwenyewe, muulize aliyekuandikia.) Soda, pilipili, vya kukaanga, pombe na sigara unavijua.

3. Kula mapema

Ukilala saa nne usiku, chakula kiwe kimeisha saa moja.

4. Inua kitanda

Hapa ndipo watu wengi huharibu, kwa sababu wakiambiwa "inua kichwa" hurundika mito. Mito hukunja kiuno, tumbo linabanwa, asidi inapanda zaidi. Kinachotakiwa kuinuka ni mchago mzima, sentimita 15 hadi 20. Tofali la saruji la inchi sita likilazwa linatosha, moja kwa kila tendegu la mchagoni.

Kitanda cha chuma kina matendegu membamba yanayoteleza juu ya tofali, kwa hiyo weka kipande cha mbao kilichochimbwa shimo la kuyashika. Upande wa miguuni usukume hadi ukutani, la sivyo kitanda kitatembea usiku. Chandarua nacho hukosa urefu upande wa juu, kishushe kamba kabla hujazima taa. Kitanda cha ghorofa usikiinue kabisa. Anayelala na godoro sakafuni apenyeze chini yake godoro jingine lililokunjwa, lianzie kiunoni na si mabegani. Kisha lalia ubavu wa kushoto, maana ukilala hivyo mdomo wa tumbo unakaa juu ya asidi.

Usiku wa kwanza utajikuta umeteleza chini. Shuka la pamba husaidia, la kitambaa laini halifai.

5. Dawa

Mimi kabla ya daktari napendelea vidonge vya kutafuna vya kupunguza asidi, basi. Vitenganishe na dawa nyingine kwa saa mbili. Anayetumia dolutegravir (dawa ya VVU) ameze dawa yake saa mbili kabla ya vidonge hivyo au saa sita baada yake.

Omeprazole, inayopunguza utengenezaji wa asidi tumboni, ni dawa nzuri, ila humezwa asubuhi nusu saa kabla ya kula, si kiungulia kikishawaka. Tena inaweza kuficha H. pylori (bakteria wa vidonda vya tumbo) kwenye kipimo cha choo: kabla ya kupima inatakiwa uwe umeiacha wiki mbili, na antibiotiki wiki nne. Kama umeandikiwa, usiiache kabla hujamuuliza daktari.

Magadi sijawahi kumshauri mtu.

6. Kichefuchefu

ORS, kijiko kimoja kimoja kila baada ya dakika chache. Soma pakiti inataka maji kiasi gani. Tangawizi sawa, lakini wengine huwaongezea kiungulia.

7. Nenda

Kiungulia au kichefuchefu kikiendelea wiki mbili, au ukipungua uzito, usizidi kujitibu. Beba maganda ya kila dawa uliyomeza, na za mitishamba uzitaje.