Oili na filta ya gari yako: chagua mwenyewe kabla makanika hajakuchagulia

Ukiingia gereji nyingi za Kampala useme unataka kumwaga oili, hakuna atakayekuuliza injini ni gani wala gari ni ya mwaka gani, ukigeuka tu galoni ya oili nzito ya 20W-50 imeshafunguliwa na kijana yuko chini anatafuta nati ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Siwalaumu sana. Tabia hiyo ilikuja na zile Corolla za kitambo na Hiace zilizofika hapa zimeshachoka, ringi za pistoni zimelegea, oili nyepesi ilikuwa inapita tu na kuungua. Ila magari yamebadilika. Tangu Oktoba 2018 sheria hairuhusu kuingiza gari ya kawaida iliyofikisha miaka 15 tangu itengenezwe, kwa hiyo Wish, Premio, Fielder au Sienta unayoitoa bondi leo, zile yadi za magari yanayotoka nje, ni injini ya juzi juzi, na nyingi zinaomba oili nyepesi, 0W-20 au 5W-30, namba hizo nitazieleza chini. Makanika bado anatumia dawa ya babu kwa mjukuu.

Kwa hiyo anza na gari yenyewe. Fungua boneti utazame kifuniko cha kujazia oili, Toyota nyingi za karibuni zimeandikwa namba palepale juu. Kama hakuna, tafuta kitabu kwenye droo ya dashibodi, ni cha Kijapani sawa, lakini 0W-20 imeandikwa 0W-20 hata huko kwao, pekua hadi kurasa za mwisho kwenye majedwali utaiona pamoja na lita ngapi zinaingia. Halafu kuna kitu watu wengi wanabandua na kutupa: Wajapani wakimwaga oili wanabandika kikaratasi, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango wa dereva au ndani ya boneti, wanaandika tarehe na kilomita. Mwaka unaweza kuwa wa hesabu ya mfalme wao, Reiwa ilianza 2019 kwa hiyo R4 ni 2022, na H30 ni 2018. Sasa ukikuta kikaratasi kinasema oili ilimwagwa kwenye kilomita 118,000 na dashibodi yako inasoma 79,000, hapo si mambo ya oili tena ndugu yangu, rudi bondi mkaongee.

Zile namba sasa. Ya mbele, ile yenye W, inahusu baridi, yaani oili inavyotembea injini ikiwa haijapata moto. Hata 15W imepimwa kuwasha injini kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na hapa petu ukienda Kabale usiku unakuta kama nyuzi 10 juu ya sifuri, kwa hiyo hakuna oili itakayokugandia Uganda. Tofauti yake kwetu ni asubuhi tu, 0W au 5W inawahi kufika juu kwenye kamshafti, ile shafti inayofungua vavu, kuliko 20W, na zile sekunde za mwanzo ndizo injini inasagika zaidi. Namba ya nyuma ndiyo yenye kazi kubwa, hiyo ni uzito wa oili injini ikiwa ya moto, inapimwa kwenye nyuzi 100. Inapanda 20, 30, 40, 50, na kadiri inavyopanda oili inakuwa nzito.

Watu wanaamini nzito inalinda zaidi kwa sababu sisi tuko joto. Hapana, injini ikishapata moto wake wa kawaida thamostati inaishikilia kwenye joto lilelile kama iko Osaka au Soroti, labda uwe umepakia sana unapanda mlima au feni imekufa. Kinachoamua ni nafasi iliyoachwa kati ya vyuma na pampu iliyofungwa humo. Injini yenye VVT-i inatumia presha ya oili kugeuza taimingi ya kamshafti, kuna vavu ndogo na kichujio chake kidogo sana, na kile kikaza cheni nacho kinasukumwa na oili hiyohiyo. Ukiweka 20W-50 pale palipoombwa 0W-20 gari itatembea, ndiyo, hakuna atakayekuambia imezimika Entebbe Road, ila itakuwa nzito, itakula mafuta zaidi, na asubuhi oili inachelewa kufika.

Upande wa pili sisemi kila mtu akimbilie 0W-20. Vitabu vingi vya Toyota za Japani vyenyewe vinaruhusu 5W-30 kwenye injini hizohizo, na kwa gari iliyopita kilomita laki moja inayoshinda kwenye jamu ya Kibuye na Clock Tower, mimi ningeweka 5W-30 nikalala usingizi. Kama ni haibridi au bado changa, baki na 0W-20. Wengine watanibishia hapa, sawa tu, lakini tubishane kati ya 20 na 30, si 20 na 50.

Halafu kuna zile zinazokula oili. Wenye Harrier, Ipsum, Estima na Alphard za 2.4, injini 2AZ-FE, mnajijua. Injini hiyo, hasa za kama 2006 hadi 2009, ina shida inayojulikana ya pistoni na ringi zake kushindwa kurudisha oili chini, inaungua taratibu na unaona moshi wa bluu ukikanyaga. 1ZZ-FE za mwanzo, zile za 1.8 za kabla ya 2002 hivi, ni ugonjwa uleule. Hapo kupanda ngazi moja ni halali, kutoka 5W-30 kwenda 5W-40 au 10W-40, inaweza kupunguza kidogo lakini haiponyi. Dawa ya kweli ni kupima. Kila kilomita 1,000, gari ikiwa mahali sawasawa na injini imepumzika dakika kadhaa, chomoa kijiti, futa, rudisha, chomoa tena. Usisubiri taa nyekundu ya oili, taa ile inawaka presha ikishaanguka, muda huo bearingi zimeshaanza kulia.

Ukishajua uzito, geuza galoni usome nyuma. Tafuta herufi za API, kiwango cha ubora cha Marekani. S ni ya petroli, C ni ya dizeli. Kwa petroli SP ilitoka 2020, SN ni ya 2010, SL ni ya 2001, na ya juu inaweza kuingia pale palipoombwa ya chini. Bado utakuta galoni zimepakwa rangi nzuri zinang'aa, ukisoma nyuma imeandikwa SF, hiyo ni ya magari ya miaka ya 80, iache hapohapo dukani. Gari ya dizeli tafuta CI-4 au CK-4, na kama ina DPF, yaani filta ya masizi, kwenye silensa lazima iwe oili yenye majivu kidogo, CK-4 au ACEA C3, la sivyo ile DPF itaziba na bei yake utaisikia. Na kama pia una boda nyumbani usiipe mabaki ya oili ya gari, klachi ya pikipiki inaogelea humohumo kwenye oili, inataka iliyoandikwa JASO MA, ukiipa oili nyepesi ya gari inaweza kuanza kuteleza.

Kuhusu mineral (ya kawaida, inayosafishwa kutoka mafuta ghafi), semi (mchanganyiko) na full synthetic (inayoundwa kiwandani): synthetic inavumilia moto na inachelewa kuchoka, kwa turbo kama Forester XT usiumize kichwa, weka synthetic. Kwa Spacio ya kwenda kazini na kurudi, mineral nzuri inayomwagwa mapema inanishinda kuikosoa. Bora hiyo kuliko synthetic ya bei kali unayoivuta hadi kilomita elfu kumi na tano kwa sababu iliuma mfukoni.

Sasa feki, maana unaweza kuchagua vizuri yote haya halafu ukapewa maji machafu. Usinunue oili ya kupimiwa kutoka pipa, hujui ndani ni nini na mwenye pipa naye wakati mwingine hajui. Nunua kwenye stesheni ya kampuni yenyewe au kwa wakala anayekupa risiti. Angalia pete ya kifuniko kama imeunganika, foili ya ndani kama imebanwa sawasawa pande zote, namba ya bechi na tarehe ya kutengenezwa zimepigwa kwenye kopo na hazifutiki ukisugua kwa kidole. Kampuni nyingine wameweka namba ya kukwangua, unaituma kwa simu unajibiwa kama ni halali, itumie hapohapo kabla hujalipa. Lebo iliyopinda, oili inayonuka kuungua kabla haijaingia kwenye injini, au bei iliyo nusu ya maduka mengine matatu uliyopita, ondoka. Na uwe umesimama pale galoni inapofunguliwa, usiende kunywa chai.

Filta ndipo watu wanabana hela, na ndipo mimi ningelegeza. Kuna aina mbili. Ya kopo la chuma unaizungusha yote, na ya karatasi inayokaa ndani ya nyumba yake ya plastiki au aluminiamu, hiyo unabadilisha karatasi na oringi tu. Premio ya 1.5 yenye 1NZ-FE inatumia ya kopo, namba ya Toyota 90915-10001. Ya 1.8 yenye 2ZR ni ya karatasi, 04152-37010 au 04152-YZZA6. Andika namba kwenye simu yako kabla hujashuka kwenye maduka ya spea ya Kisekka au Ndeeba, kwa sababu ukisema tu "nipe filta ya Premio" utapewa inayoingia, na kuingia peke yake hakutoshi. Filta nyingi zina uzi uleule wa kufungia lakini ndani ni tofauti.

Ndani ya kopo kuna karatasi iliyokunjwa, kuna vavu inayofunguka karatasi ikiziba ili injini isikose oili, na kuna mpira unaozuia oili isirudi chini gari ikizimwa. Huo mpira ndio wa kuangalia, utauona kwenye vile vitundu, ubonyeze kwa kijiti safi, ukiwa mgumu kama plastiki ujue utavujisha. Dalili yake ni asubuhi, unawasha gari unasikia cheni inagonga sekunde mbili tatu halafu inanyamaza, oili ilikuwa imeshuka yote usiku. Filta ya karatasi ihesabu mikunjo, feki inakuwa na mikunjo michache imeachana, na gundi imejaa upande mmoja. Ukitaka kujua uliuziwa nini, kata ile ya zamani kwa msumeno baada ya kuitoa, karatasi ikiwa imechanika au imebonyea umepata jibu.

Na tafadhali, filta haioshwi. Nimeona watu wanaipuliza kwa kompresa, wengine wanaisuuza na petroli wanarudisha. Uchafu uliobaki unasukumwa ndani kabisa. Kila oili mpya na filta mpya.

Umwage lini? Toyota kwao Japani wanasema kilomita 15,000 au mwaka mmoja kwa petroli isiyo na turbo, na matumizi magumu nusu yake, turbo 5,000. Jamu, vumbi la marram na safari fupi fupi ndiyo matumizi magumu yenyewe, kwa hiyo wewe uko kwenye nusu, usijidanganye. Mineral 5,000, synthetic 7,000 hivi, au miezi sita, chochote kikitangulia. Ukikaa saa nzima Northern Bypass injini inanguruma kilomita hazisogei, ila oili inazeeka. Kuwa nyeusi peke yake si tatizo, ni kazi yake kubeba uchafu. Ikifanana na chai ya maziwa, hapo maji yameingia, simamisha gari.

Kumwaga kwenyewe: injini iwe vuguvugu, nati ya sampu ifungwe na washa (ile pete ya kuzibia) mpya. Hakikisha mpira wa filta ya zamani haujabaki umeganda kwenye injini, ukifunga mpya juu yake mipira inakuwa miwili na oili yote inaweza kutoka ndani ya dakika chache. Paka oili kidogo kwenye mpira mpya, zungusha kwa mkono hadi uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko, spana ya cheni ni ya kufungulia tu. Halafu usimimine galoni yote kwa sababu eti umeilipia. 1NZ inachukua lita 3.7 pamoja na filta, galoni ni 4, ikizidi sana oili inapigwa povu. 2ZR inachukua 4.2, hapo galoni haitoshi. Washa injini dakika moja, tazama chini kama kuna tone, zima, subiri, pima, ongeza kidogo kidogo. Zile chupa za kuongeza nguvu na kuosha injini wanazokusukumia kaunta, acha.

Oili chafu iwekwe kwenye jerikeni ipelekwe kwa wanaokusanya, isiende mtaroni, mitaro ya katikati ya mji inashuka mfereji wa Nakivubo hadi Murchison Bay ya Ziwa Victoria na mitambo ya Ggaba inavuta maji yetu hukohuko. Na galoni tupu usiiache gereji ikiwa nzima na kifuniko chake, itoboe au uipasue kisu kabisa, maana hizo ndizo zinazorudi sokoni zimejazwa.