Kugeuza kompyuta ya zamani kuwa seva ya nyumbani, na kupachika diski isikusumbue

Nimetoka kumsaidia rafiki kugeuza laptopu iliyokuwa imelala kabatini kuwa seva ya kuhifadhia picha na nyaraka za nyumbani, na ya kujifunzia Linux. Mengi yalikwenda haraka. Kilichotukalisha ni kupachika diski ya data, yaani kuiambia Linux diski hiyo ionekane kwenye folda ipi kila mashine inapowaka. Miongozo mingi huimaliza sehemu hiyo kwa mstari mmoja. Hapa nitaifungua yote, na mengine nitayapitia mbio.

Hatua ya 1: Mashine

Usinunue seva kubwa ya rafu iliyotupwa na kampuni, hata ukipewa kwa bei ya kutupa. Inapiga kelele kutwa kucha na inakula umeme. Hesabu ni rahisi: mashine inayovuta wati 10 bila kuzimwa hutumia uniti zipatazo 88 kwa mwaka, na inayovuta wati 100 hutumia 876.

Ninachopendekeza ni laptopu ya zamani, au kompyuta ndogo za ofisini zilizotumika kama Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini na Lenovo ThinkCentre Tiny. Tafuta yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 6 au zaidi (kizazi hicho kilitoka 2015), RAM ya GB 8, na SSD ndogo ya kuwekea mfumo. Laptopu ina faida moja kubwa: umeme ukikatika, betri yake inaishikilia. Ila ikague kwanza. Betri iliyovimba itoe leo hii, usiiache ndani ya mashine itakayowaka mwaka mzima.

Raspberry Pi ni nzuri kwa kujifunzia, lakini kadi ya microSD haipendi kuandikwaandikwa muda wote. Kama lengo lako la kwanza ni kuhifadhi, chukua kompyuta ya kawaida.

Hatua ya 2: Diski ya data

Diski iliyotumika si mbaya, mradi uihoji kabla ya kuiamini. Ukishasakinisha mfumo (hatua ya 3), sakinisha `smartmontools`, kisha (badala ya X weka herufi ya diski yako, utakayoiona kwa amri ya `lsblk`):

```
sudo smartctl -a /dev/sdX
```

Tazama mistari mitatu: `Reallocated_Sector_Ct`, `Current_Pending_Sector` na `Offline_Uncorrectable`. Nataka niione yote ikiwa na sifuri kwenye safu ya mwisho. Saa za kuwaka zikiwa nyingi sijali sana. Sekta zinazosubiri ndizo zinazonifanya niirudishe diski kwa muuzaji. Ukiona salama, endesha jaribio refu kwa `smartctl -t long`, uliache usiku kucha, asubuhi usome majibu.

Diski ya inchi 2.5 inaweza kupata umeme kwenye tundu la USB 3 lenyewe. Ya inchi 3.5 inahitaji adapta yake. Usiipitishe diski ya data kwenye kigawanyaji cha USB kisicho na umeme wake: itakatika katikati ya kuandika, nawe utahangaika na programu wakati tatizo ni umeme.

Hatua ya 3: Mfumo

Debian, bila mazingira ya dirisha. Kwenye orodha ya mwisho ya usakinishaji acha seva ya SSH (njia ya kuiamuru mashine ukiwa kwenye kompyuta nyingine) na vifaa vya kawaida tu. Chomoa diski ya data wakati wa kusakinisha, ili usije ukachagua diski isiyo yenyewe.

Kisakinishi kitakuuliza nywila ya `root`, yaani msimamizi mkuu wa mfumo. Ukiiacha wazi, akaunti hiyo inafungwa na mtumiaji wa kwanza anapewa `sudo`, ruhusa ya kuendesha amri kama msimamizi. Ni utaratibu mzuri, ila una athari utakayokutana nayo kwenye hatua ya 5, kwa hiyo kumbuka ulichochagua.

Hatua ya 4: Mambo madogo

Kwenye ruta, itengee seva anwani moja ya kudumu. Kwenye BIOS, washa chaguo la mashine kujiwasha umeme unaporudi. Kama ni laptopu, fungua `/etc/systemd/logind.conf`, weka `HandleLidSwitch=ignore`, uwashe upya, la sivyo ukifunga kifuniko tu seva inalala. Tumia kebo badala ya Wi-Fi. Kwenye kompyuta yako tengeneza ufunguo kwa `ssh-keygen -t ed25519`, uupeleke kwa `ssh-copy-id`.

Hatua ya 5: Kupachika diski

Hapa twende polepole. Chomeka diski, kisha:

```
lsblk
```

Utaona kitu kama `sda` na `sdb`. Usiyazoee majina haya. Linux huyagawa kwa kufuata diski ipi imeonekana kwanza, kwa hiyo `sdb` ya leo inaweza kuwa `sda` kesho baada ya kuwasha upya. Itambue diski yako kwa ukubwa wake, na usiandike `/dev/sdb1` kwenye faili lolote la kudumu.

Kama diski ina data yenye thamani, ihamishie kwingine kwanza. Baada ya hapo futa kila kitu. Najua kishawishi cha kuiacha na exFAT au NTFS (mifumo ya faili inayosomeka na Windows) ili ichomekeke pia kwenye kompyuta nyingine. Usifanye hivyo kwenye seva. exFAT haijui umiliki wa faili wa Linux, `chown` itakataliwa, na utazunguka na ruhusa za folda bila kupata jibu. Diski ya seva iwe ext4, mfumo wa faili wa Linux yenyewe.

Tengeneza partisheni kwa `fdisk` (bonyeza `g` kupata jedwali la GPT, `n`, kubali yote, kisha `w`). GPT ni lazima kwa diski inayozidi TB 2, na kwa ndogo haina ubaya. Halafu:

```
sudo mkfs.ext4 -L hifadhi -m 1 /dev/sdX1
```

Hiyo `-m 1` usiiruke. Kwa kawaida ext4 hutenga asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya `root`. Kwenye diski ya TB 4 hiyo ni GB 200 zinazokaa bure.

Sasa chukua kitambulisho cha kudumu cha mfumo wa faili uliotengeneza:

```
sudo blkid /dev/sdX1
```

Nakili UUID. Tengeneza folda ya kupachikia, kisha uifunge kabla hujapachika chochote:

```
sudo mkdir /srv/hifadhi
sudo chattr +i /srv/hifadhi
```

Amri ya pili ndiyo ninayoisisitizia kila mtu. Diski isipopachikwa, `/srv/hifadhi` haipotei. Inabaki folda tupu kwenye SSD ya mfumo. Programu yako haijui tofauti. Itaendelea kuandika picha humo humo mpaka SSD ijae, na siku diski itakaporudi itaifunika folda hiyo, picha zionekane zimepotea. Docker (programu ya kuendeshea huduma, kila moja ndani ya kasha lake) ndiyo hatari zaidi, kwa sababu ikikuta folda ndogo ndani yake haipo huitengeneza yenyewe bila kukuuliza. Ukiweka `+i`, hata `root` hawezi kuandika ndani ya folda ile tupu. Diski ikishapachikwa kila kitu kinakwenda kama kawaida, kwa sababu alama hiyo iko kwenye folda ya chini, si kwenye diski.

Kama tayari yamekukuta, yaani `df -h` inasema SSD imejaa na huoni kilichoijaza, chungulia chini ya diski hivi:

```
sudo mount --bind / /mnt
ls /mnt/srv/hifadhi
```

Faili zilizofichwa utazikuta hapo. Zihamishe, kisha `sudo umount /mnt`.

Sasa mstari wenyewe wa `/etc/fstab`, faili linaloiambia Linux ipachike diski zipi na wapi:

```
UUID=weka-yako-hapa /srv/hifadhi ext4 defaults,noatime,nofail,x-systemd.device-timeout=10s 0 2
```

Neno la kuangalia ni `nofail`. Bila hilo, diski isipoonekana mashine inapowaka, mfumo unaisubiri kwa sekunde 90, unakata tamaa na kuingia hali ya dharura. Hali hiyo haina SSH. Ukiwa mbele ya laptopu yenye skrini utaona kinachoendelea. Ukiwa na kompyuta ndogo isiyo na skrini utaona tu kwamba seva imekufa, na utaanza kulaumu kebo, ruta, mpaka SSD.

Hapa ndipo ile athari ya hatua ya 3 inapojitokeza. Kama uliacha nywila ya `root` wazi, hali ya dharura haikupi hata nafasi ya kuingia: skrini inakwambia akaunti ya `root` imefungwa, ukibonyeza Enter inajaribu tena, na inarudi pale pale. Wengi wakifika hapo husakinisha mfumo upya. Hakuna haja. Washa upya, kwenye menyu ya GRUB (inayotokea kabla Linux haijaanza) bonyeza `e`, tafuta mstari unaoanza na `linux`, nenda mwisho wake uongeze `init=/bin/bash`, kisha Ctrl+X. Ukipata alama ya amri:

```
mount -o remount,rw /
nano /etc/fstab
sync
```

Weka `#` mbele ya mstari wenye matatizo, hifadhi, andika `sync`, kisha zima kwa kitufe na uwashe. Seva itarudi, nawe utarekebisha mstari kwa SSH umetulia.

Ili usifike huko, usiwashe upya kamwe baada ya kugusa `fstab` kabla ya kupitia amri hizi kwa mpangilio huu:

```
sudo systemctl daemon-reload
sudo findmnt --verify
sudo mount -a
findmnt /srv/hifadhi
```

Ya pili inasoma faili na kukuonyesha makosa ya maandishi. Ya mwisho lazima ikujibu kwa mstari unaotaja diski yako. Ikinyamaza, diski haijapachikwa, hata kama `mount -a` haikulalamika.

Baada ya kupachika ndipo unatoa umiliki (badala ya `mtumiaji` weka jina lako la kuingilia):

```
sudo chown mtumiaji:mtumiaji /srv/hifadhi
```

Mpangilio huu una maana. Umiliki unaandikwa kwenye diski yenyewe. Ukijaribu kutoa umiliki kabla ya kupachika, folda iliyofungwa kwa `+i` itakataa; na kama hukuifunga, unabadilisha folda ile ya chini tu, kisha diski inakuja na umiliki wake wa `root`, nawe unashangaa kwa nini huwezi kuandika.

Bado kidogo. `nofail` inaruhusu mashine iwake bila diski, na hilo linamaanisha huduma zako nazo zitawaka bila diski. Kwa kila huduma inayoitegemea, ongeza sharti. Kwa Samba, programu ya kushirikisha folda kwenye mtandao wa nyumbani (isakinishe sasa kwa `sudo apt install samba`, mipangilio yake iko hatua inayofuata), andika `sudo systemctl edit smbd`, kisha:

```
[Unit]
RequiresMountsFor=/srv/hifadhi
```

Sasa jaribio la mwisho, na naomba usilikwepe: zima seva, chomoa diski ya data, washa. SSH ije. `smbd` ikatae kuwaka. Kujaribu kuunda faili ndani ya `/srv/hifadhi` kukataliwe. Zima, rudisha diski, washa, na kila kitu kiwepo. Mpaka uyaone hayo manne kwa macho yako, usiweke picha ya mtu humo.

Hatua ya 6: Kuifikia kutoka kompyuta nyingine

Samba umeshaisakinisha. Mwisho wa `/etc/samba/smb.conf` ongeza:

```
[hifadhi]
path = /srv/hifadhi
valid users = mtumiaji
read only = no
```

Samba ina nywila zake, tofauti na za mfumo, kwa hiyo `sudo smbpasswd -a mtumiaji`. Kagua kwa `testparm`, washa `smbd` upya, basi. Kebo na ruta zikiwa za gigabiti utapata kama MB 110 kwa sekunde. Ukiona kasi imeganda kwenye 11, kuna kebo au tundu la megabiti 100 njiani.

Hatua ya 7: Nakala ya akiba

Diski mbili zinazoakisiana kwa RAID zinakulinda diski moja ikifa. Hazikulindi ukifuta folda kwa bahati mbaya, kwa sababu ufutaji nao unaakisiwa papo hapo. Kwa mwenye bajeti ndogo, diski ya pili itumike kwa nakala, si kwa RAID.

Natumia restic: inasimba data, haiandiki kitu kilekile mara mbili, na inakumbuka hali za siku zilizopita. Hapa `/mnt/akiba` ni mahali ulipopachika diski ya pili.

```
restic -r /mnt/akiba init
restic -r /mnt/akiba backup /srv/hifadhi
restic -r /mnt/akiba restore latest --target /tmp/jaribio
```

Mstari wa tatu ufanye siku ileile ya kwanza, ufungue picha chache uone zinafunguka. Nywila ya restic iandike mahali nje ya seva. Ikipotea, nakala haifunguki, na hakuna wa kukusaidia. Diski ya akiba ikiweza kukaa nyumba nyingine, vizuri zaidi.

Hatua ya 8: Kujifunza

Sakinisha Docker, kila huduma iwe na folda yake na faili lake la `compose.yaml`. Anza na moja. Jellyfin, ya kutazamia video zako, ni rahisi kuanzia kwa sababu matokeo unayaona kwenye televisheni siku hiyo hiyo. Immich kwa picha za simu ifuate ukishazoea. Usisakinishe huduma nyingi kwa mkupuo, maana moja ikigoma hutajua uanzie wapi. Andika kwenye daftari kila faili unalogusa nje ya folda hizo.

Hatua ya 9: Kuifikia ukiwa mbali

Usifungue mlango 445 wa Samba kwenye ruta uelekee intaneti, hata kwa saa moja ya kujaribu. WannaCry ya Mei 2017 ilisambaa kwa mlango huo huo. Mlango 22 wa SSH nao uache ndani.

Tumia WireGuard, VPN (njia iliyosimbwa ya kuingia mtandao wa nyumbani ukiwa nje) ambayo imo ndani ya kiini cha Linux tangu toleo la 5.6 la 2020. Kabla ya kuanza, fungua ukurasa wa ruta uangalie anwani yake ya nje. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma wako anawashirikisha wateja wengi anwani moja, na WireGuard inayosubiri kupigiwa kutoka nje haitafikiwa. Katika hali hiyo sakinisha Tailscale, huduma inayoviunganisha vifaa vyako bila kufungua mlango kwenye ruta, kwenye seva na kwenye simu, uingie kwa akaunti moja, na uunganishe kwa anwani ambayo yenyewe itaipa seva.