Picha ya Mteja na Picha ya Duka: Namna ya Kuzitumia Pamoja Kuuza Nguo Mtandaoni

Mtu anayenunua gauni la kitenge kwa simu ana maswali ya aina mbili. Kwanza anataka kujua bei, saizi zilizopo, aina ya kitambaa, na mzigo utamfikiaje akiwa Mwanza au Mtwara. Hayo duka linaweza kuyajibu lenyewe. Halafu kuna yale anayojiuliza kimoyomoyo: kwa mwili kama wangu litakaaje? Likifuliwa litachuja? Na hawa watu kweli wanatuma mzigo? Hapo duka hata lijisifu vipi, mnunuzi hashawishiki mpaka amwone aliyekwisha kununua na kuvaa. Kwa hiyo kabla ya kuposti picha yoyote ya mteja, jiulize inajibu swali gani ambalo picha yako imeshindwa kulijibu. Kama halipo, isubiri.

Picha za duka kwanza

Kila mshono uwe na picha nne za duka: mbele, nyuma, ya karibu inayoonyesha zipu na pindo, na moja ya kitambaa kikiwa kimetandazwa kivulini mchana. Hiyo ya nne usiiruke. Wateja wengi watakutumia picha walizopiga usiku chini ya taa, na rangi ya damu ya mzee itaonekana kahawia. Ukiwa na picha ya rangi halisi ya kuweka pembeni, hakuna atakayelalamika baadaye.

Usichukue picha za kurasa za Nigeria au Ghana ukazifanya zako, hata kama fundi wako anaweza kuuiga mshono. Gauni likitoka tofauti kidogo tu, mteja ataziweka picha mbili pamoja, nilichoagiza na nilichopokea, na hiyo ndiyo itakayosambaa.

Kumwomba mteja picha

Siku mzigo unapofika ni mapema mno, maana nguo bado haijavaliwa. Kama mteja alisema ni ya harusi ya Jumamosi, mwandikie Jumatatu au Jumanne. Asiyesema, mpe siku nne au tano. Usimwandikie "naomba ushuhuda", kwa sababu atakujibu "nzuri sana" na maneno hayo hayauzi kitu. Muulize vitu vinavyojibika: ulichukua saizi gani, urefu wako ni kiasi gani, umeshalifua, kiunoni linabana? Jibu kama "mimi ni mrefu, nilichukua 14, mikono ikanitosha bila kuongeza" lina thamani kuliko sifa kumi.

Picha mwelekeze kwa maneno machache: futa kamera ya simu kwa kitambaa, simama kivulini au mkabala na dirisha saa tatu asubuhi au saa kumi jioni, simu iwe wima, mwili mzima uonekane mpaka miguuni. Omba na video ya sekunde kumi akitembea na kugeuka, kwa sababu mwendo ndio unaoonyesha kitambaa kinavyoanguka.

Mwambie azitume WhatsApp kama dokumenti. Zikitumwa kama picha za kawaida, WhatsApp huzibana, na ukizikuza kwa tangazo zinatoka na ukungu. Kumbuka tu kwamba faili lililotumwa hivyo linaweza kubaki na taarifa za mahali picha ilipopigwa. Kama utaliweka kwenye tovuti yako mwenyewe, zifute kwanza.

Idhini, na iwe ya maandishi

Mteja kukutagi hakumaanishi amekuruhusu kuitumia picha yake kwenye tangazo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, nayo ina meno: Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Wakati huohuo shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto zilizowekwa bila ridhaa ya wazazi. Kwa hiyo nguo za watoto zinahitaji uangalifu zaidi: neno la mzazi liwe limeandikwa, na kama hutaki usumbufu, piga picha ya nguo bila uso.

Ujumbe wa kuomba idhini usiwe mrefu, lakini useme kila kitu:

"Habari za leo dada. Gauni limekupendeza sana, hongera. Tunaomba kutumia picha hizi mbili na video kwenye ukurasa wetu wa Instagram na TikTok kwa miezi sita. Tungependa pia moja iwe tangazo la kulipia. Je, unaridhia yote, au ukurasani tu? Tuandike jina lako au tusiliandike? Na ukitaka tuitoe wakati wowote, tuambie tu, tutaitoa."

Ukurasa na tangazo la kulipia viulizwe kama vitu viwili. Wapo wengi wanaofurahi kuonekana ukurasani lakini hawataki sura zao ziwafuate watu wasiowajua mji mzima. Na kama picha ilipigwa na mpigapicha wa harusi, mteja pekee hatoshi. Hakimiliki inaweza kuwa ya mpigapicha, kwa hiyo naye aombwe na jina lake liandikwe.

Jibu likija, piga skrinshoti na uihifadhi pamoja na picha. Jina la faili likubebee habari yote, kwa mfano "gauni-solo_saizi14_ukurasa-na-tangazo_mpaka-Desemba". Baada ya miezi mitatu utakuwa na picha mia na hutakumbuka nani aliruhusu nini.

Kuziunganisha

Makosa mengi yako hapa. Duka linaweka posti za wateja Ijumaa na za bidhaa Jumatatu, mnunuzi anaona moja na kuikosa nyingine. Ziweke ndani ya posti moja. Kwa posti ya picha nyingi, tunashauri mpangilio huu: ya kwanza ni ya mteja, mwili mzima, ya pili ni ya duka, gauni lilelile, ya tatu kitambaa na mshono kwa karibu, ya nne mteja mwingine mwenye saizi tofauti kabisa, ya tano saizi zilizopo, bei na jinsi ya kuagiza. Mteja anatangulia kwa sababu posti inayoanza na bango lenye bei na namba ya simu watu huipita wakijua ni tangazo. Bei hata hivyo lazima iwepo. "Njoo inboksi" inawafukuza wanunuzi wenye haraka.

Picha zote ziwe wima, pikseli 1080 kwa 1350, na stori pikseli 1080 kwa 1920. Ya mteja unaweza kuinyoosha, kuikata na kuiongezea mwanga kidogo. Usimlainishe ngozi wala kumpunguza kiuno. Akijiona amebadilishwa ataumia, na mnunuzi aliyeamini kiuno hicho atapata gauni lisilomkaa.

Kwa video, sekunde tatu za mwanzo ziwe za mteja akigeuka, zifuatiwe na picha za karibu za duka, kisha bei kwa maandishi. Angalia muziki. Akaunti ya biashara TikTok hairuhusiwi nyimbo zote, na video ya mteja yenye Bongo Fleva inaweza kunyamazishwa ukiipandisha wewe. Omba nakala isiyo na wimbo, na kama anakubali, aongee mwenyewe: sauti ya mtu akisema saizi yake haina mpinzani. Ukitaka kulipia video iliyo kwenye akaunti yake ya TikTok, tumia Spark Ads: yeye anakutolea msimbo (kodi) wa idhini, na tangazo linatoka kwa jina lake.

Mshono mpya ambao hauna mteja bado, mpe mtu mmoja au wawili wanaokununulia mara kwa mara, kisha andika wazi kwamba walipewa bure. Kamwe usijitungie mazungumzo ya WhatsApp na kuyaita shukrani za wateja. Wanunuzi wamezoea kuzichunguza skrinshoti hizo. Zile za kweli, ficha namba na picha ya wasifu.

Malalamiko nayo yana kazi. Watu watatu wakiuliza kama kitenge kinachuja, tengeneza video ya duka: kufua kwa maji baridi, peke yake mara ya kwanza, kuanika kivulini. Mwezi ujao mwombe mteja aliyefua mara kadhaa aonyeshe lake, uziweke pamoja.

Kujua kama inaleta oda

Idadi ya kupendwa haitakwambia. Kila posti ipe neno lake, "tuma neno SOLO WhatsApp", na kwenye WhatsApp Business mwekee kila anayelitaja lebo ya posti hiyo. Kwa wiki nne weka posti tano kwa wiki: tatu zilizounganishwa kama tulivyoeleza na mbili za duka tupu, bei zikiwa sawa. Hesabu oda zilizolipwa, na hesabu pia waliorudisha nguo kwa sababu ya saizi. Kama marejesho hayapungui, picha za wateja ulizonazo zina saizi zinazofanana mno. Tafuta waliokosekana, hasa wenye saizi 16 kwenda juu, na uwaombe wao kwanza.