Kigali kwa laki nne: wikendi ya watu wawili kutoka Mwanza, ikipangwa kuanzia Jumapili

Mara ya kwanza mimi na Baba Kulwa tulipokwenda Kigali tulirudi Mwanza Jumatatu mchana tukiwa na shilingi elfu tatu na mia tano mfukoni, baada ya kulala Benako, mji mdogo wa Ngara karibu na mpaka wa Rusumo, usiku ambao haukuwemo kwenye bajeti. Hakuna aliyetuibia. Tulikosea saa tu. Tumeshakwenda mara tatu nyingine tangu hapo, na huu ndio utaratibu tunaoufuata. Nimeuandika kwa anayeanzia stendi ya Nyegezi. Wa Kahama au Bukoba atabadilisha mwanzo, maana ukishafika Benako njia ni ile ile.

Hatua ya kwanza: panga Jumapili kabla ya Ijumaa

Saa ya Rwanda iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Kinachochanganya ni kwamba Wanyarwanda wanahesabu saa kama sisi: ukiuliza gari linaondoka lini utajibiwa "saa mbiri", nawe utafurahi kwamba umeelewa. Umeelewa neno, ila saa mbili ya Kigali ni saa tatu ya Mwanza. Wakati wa kwenda unazawadiwa saa moja. Wakati wa kurudi unanyang'anywa.

Sisi tulitoka kituo cha Nyabugogo saa tatu asubuhi, tumekunywa chai, hatuna haraka. Rusumo tukafika saa sita yao, kumbe kwetu ni saa saba. Mpaka tugongewe mihuri na kupata gari ya Benako, mabasi ya Mwanza yalikuwa yameshapita.

Kwa hiyo tiketi ya kurudi tunainunua Jumamosi, tena ya gari la kwanza kabisa la alfajiri. Lengo ni kuwa Rusumo kabla ya saa tatu ya Rwanda. Ukikosa basi la moja kwa moja, unaunga: Benako hadi Biharamulo, Biharamulo hadi Geita, Geita hadi Mwanza. Kuunga kunachosha na kunaongeza nauli kidogo, lakini ukiwahi unafika. Zamani hata ukiwahi kulikuwa na foleni ya kivuko cha Busisi. Tangu Juni 19, 2025 tunapita juu ya daraja la Kigongo–Busisi, kama kilomita tatu za ziwa kwa dakika chache, na ni daraja hilo ndilo lililonishawishi kwamba safari hii inaweza kuitwa ya wikendi. Hata hivyo Ijumaa omba ruhusa kazini. Anayedhani atatoka ofisini saa kumi jioni ya Ijumaa akale chakula cha usiku Kigali hajaangalia ramani.

Hatua ya pili: chagua Jumamosi yenyewe

Usiende Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Hiyo ni siku ya umuganda, kazi za pamoja za taifa zima. Asubuhi maduka yanafungwa na usafiri unasimama mpaka karibu saa tano. Kama una siku moja tu kamili mjini, umepoteza nusu yake ukiwa umekaa kitandani gesti. Wiki inayoanza Aprili 7 nayo ni ya maombolezo ya kitaifa, muziki na starehe hupungua sana. Nenda wakati huo kama unakwenda kwa ajili hiyo.

Hatua ya tatu: karatasi

Kila mmoja awe na pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria kutoka Uhamiaji. Kuna watu wanasikia kwamba Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanatembeleana kwa vitambulisho vya taifa, wakadhani na cha NIDA kinatosha. Hakitoshi, Tanzania haimo kwenye mpango huo. Pasipoti ni shilingi 150,000, na siihesabu kwenye laki nne kwa sababu inadumu miaka kumi. Viza mtu wa Afrika Mashariki halipii. Beba na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Sisi tumewahi kuulizwa mara moja kati ya nne, na hiyo mara moja inatosha kukurudisha nyumbani.

Hatua ya nne: gawanya laki nne

Hizi ni hesabu zetu za safari ya mwisho, watu wawili. Nauli zote za kwenda na kurudi, pamoja na vigari vya Benako na Rusumo: 146,000. Chumba usiku wa Ijumaa na Jumamosi: 85,000. Chakula: 90,000. Kuzunguka mjini: 25,000. Inabaki 54,000, na hiyo haiguswi. Ni pesa ya kulala Benako mkikwama, ila msilale Benako.

Nauli hupanda, kwa hiyo uliza bei dirishani kabla ya kupanga. Kuhusu faranga, wakati wetu moja ilikuwa kama shilingi moja na senti sabini. Mimi nikiwa sokoni nazidisha kwa mbili tu: bei inatoka kubwa kuliko ilivyo, na mkono unakuwa mzito kutoa. Mpakani badilisha pesa ya nauli na chai, nyingine kabadilishe mjini baada ya kulinganisha maduka mawili.

Mfuko wa pesa ashike mmoja. Kwetu nashika mimi. Mwaka ule aliposhika Baba Kulwa tulinunua miwani.

Hatua ya tano: Ijumaa, njiani na mpakani

Ondoka Nyegezi alfajiri. Sengerema, Geita, Katoro, Biharamulo, halafu unaingia barabara kuu ya malori yanayotoka Dar es Salaam, mpaka Benako. Hapo mabasi mengi yanakuacha, unachukua gari dogo hadi Rusumo.

Kabla ya kushuka, toa mifuko yote ya plastiki kwenye begi. Rwanda iliipiga marufuku tangu 2008, miaka kumi na moja kabla yetu, na wao hawana utani. Mimi nilikuwa na dagaa kilo mbili za zawadi kwa mwenye nyumba ya wageni, nimezifunga kwenye rambo ndani ya rambo. Afisa alichukua rambo, akaniachia dagaa. Zikaingia kwenye kitenge changu kipya, na Kigali nzima tuliizunguka tunanukia soko la samaki la Kirumba. Siku hizi dagaa zangu zinasafiri kwenye mfuko wa karatasi.

Pale Rusumo unagongewa mihuri ya nchi zote mbili kwenye jengo moja, utaratibu uliozinduliwa Aprili 2016 pamoja na daraja jipya. Ukivuka, tazama chini: maporomoko ya mto Kagera, na mtambo wa umeme wa megawati 80 ambao Tanzania, Rwanda na Burundi wanagawana. Maji hayo hayo yanakwenda kuingia kwenye ziwa letu.

Ukishavuka, kumbuka magari yanapita kulia. Mshikeni mkono anayependa kuvuka barabara huku anasoma simu. Coaster hadi Kigali ni kilomita kama 160, kupitia Kayonza na Rwamagana, vilima mwanzo hadi mwisho. Anayetapika akae mbele.

Hatua ya sita: lala Nyamirambo

Wengi hutafuta chumba katikati ya mji kisha wanalia bei. Nendeni Nyamirambo. Ni mtaa wa zamani wa Waislamu na wafanyabiashara, na Kiswahili kilikuwa kinaongelewa pale zamani sana kabla ya 2017, mwaka kilipofanywa lugha rasmi ya Rwanda. Ukisalimia "habari za jioni" unajibiwa, na bei ya chumba inashuka bila wewe kujua kwa nini. Sehemu ya Biryogo wamefunga mtaa magari yasipite, viti vimepangwa barabarani, chai ya maziwa ya tangawizi na chapati zipo. Jioni ya kwanza inatosha hapo, kwa pesa ndogo kuliko soda mbili za hoteli.

Pikipiki zao huitwa moto. Ukiambiwa "chukua moto" usitafute ndoo ya maji. Hakuna mishikaki kule: abiria ni mmoja, na kofia ngumu ni lazima. Maana yake wapenzi wawili ni moto mbili na nauli mbili, na mnapotezana kwenye mzunguko wa kwanza, kwa hiyo kubalianeni jina la mahali pa kukutania kabla hamjapanda. Kwa safari ndefu tunapanda basi la mjini kwa kadi ya kugusa, na kwa safari fupi tunatembea. Usiku mji uko salama na taa zinawaka. Usikanyage majani ya bustani tu, na usitupe hata ganda la karanga.

Hatua ya saba: Jumamosi

Asubuhi tunakwenda Gisozi, kwenye jumba la kumbukumbu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Lilifunguliwa 2004 na wamezikwa hapo zaidi ya watu 250,000. Kuingia ni bure. Kifaa cha kusikilizia maelezo ndicho kinalipiwa, na hiyo ni gharama ambayo sijawahi kuijutia. Msiende mkiwa mmenuniana, na msiweke kitu kingine mara tu baada yake.

Kwa mtu wa kwetu pale pana jambo jingine. Benako uliyopita jana ukinunua mahindi ya kuchoma, mwishoni mwa Aprili 1994 ilipokea watu wapatao 250,000 waliovuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja. Na miili iliyotupwa mtoni ilishuka na Kagera mpaka ziwani. Mama mkwe wangu, mtu wa Ngara, hupita Benako bila kuongea. Nilikuwa nadhani ni usingizi wa safari. Baada ya Gisozi sikuuliza tena.

Mchana tafuta mgahawa unaouza melanje: wali, viazi, ndizi, maharage, isombe, ambayo ni kisamvu chetu, na kipande cha nyama, vyote sahani moja. Sheria ni kujaza mara moja. Watu wa pale wamejifunza kujenga sahani kama fundi wa matofali, viazi pembeni kama ukuta na mchuzi katikati. Sahani moja ikijengwa vizuri inamshibisha mtu mpaka usiku. Usiku ndio mle brosheti, yaani mishikaki, ya mbuzi na ndizi ya kuchoma. Anayependa mtindi aombe ikivuguto baridi.

Kati ya hapo, Kimironko kama mnataka vitenge; mafundi wamekaa ndani ya soko na gauni rahisi linaweza kushonwa siku hiyo hiyo. Au msinunue kitu, mpande kwa miguu Mlima Kigali, uko upande wa Nyamirambo, mji wote unauona na hakuna anayekudai. Sisi mara mbili tumechagua mlima. Mara ya tatu nilichagua vitenge, na hesabu za mara hiyo sizionyeshi hapa.

Kabla ya kulala: tiketi iko mfukoni, dereva wa moto ameshaambiwa, kengele ya simu imewekwa. Na Jumapili mkikaribia mpaka msiamini saa ya simu. Inanasa mnara wa upande huu, mara wa upande ule, na inaruka saa nzima mbele na nyuma. Baba Kulwa huvaa saa ya mkononi aliyoiacha kwenye majira ya Mwanza tangu Ijumaa.

Safari ya mwisho tulifika daraja la Kigongo saa kumi na moja na nusu jioni, jua liko nyuma yetu upande wa Sengerema. Akaniuliza kimebaki kiasi gani. Elfu hamsini na nne. Akasema tushuke Usagara tununue samaki wa kukaanga, nikamwambia hiyo pesa haiguswi mpaka tufike mlangoni.