Shajara ya darizi: siku 365 kwenye kitambaa kimoja

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Kila siku ya mwaka inapata alama yake ndogo ya uzi, zote kwenye kitambaa kimoja, hadi mwaka uishe. Mishono si tatizo. Ukijua minne inakutosha. Shajara nyingi hufia njiani kwa sababu zilipangiwa siku nzuri tu: jioni yenye utulivu, taa ya kutosha, mtu hajachoka. Ndiyo maana somo hili litakaa sana kwenye mpangilio na kupita haraka kwenye sindano.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya nafasi

Kabla hujachagua fremu ya duara (ile ya pete mbili na skrubu), jua kila siku itapata nafasi kiasi gani. Chukua fremu ya kipenyo cha sentimita 25. Acha sentimita 1 tupu kuzunguka ukingo, na katikati acha duara la kipenyo cha sentimita 4 la kuandika mwaka. Zinabaki kama sentimita za mraba 400. Gawa kwa 365: kila siku inaambulia moja na kidogo. Maana yake alama yako haina budi kukaa ndani ya upana wa ukucha.

Fremu ya sentimita 20 inabana mno, alama zinashuka hadi milimita 8 hivi. Ya 30 ina raha ya nafasi, ila mkono unachoka kuishika na vidole havifiki katikati bila kujipinda. Mimi ninashauri 25.

Hatua ya 2: Kitambaa na vifaa

Pamba au kitani kisichovutika, kilichofumwa kwa kubana, rangi nyepesi. Kifue na kukipiga pasi kwanza, kisije kikajikunja siku ya mwisho na mwaka mzima juu yake. Chini yake weka bafta nyembamba na uvishone pamoja. Bafta hiyo ndiyo inayoficha ncha za nyuzi za nyuma zisionekane mbele.

Sindano ya kudarizi namba 7 hadi 9. Namba ikiwa kubwa sindano ni nyembamba zaidi. Mkasi mdogo wenye ncha kali. Uzi wa pamba wa kudarizi una nyuzi 6 ndani yake: tumia 2 kwa kazi ya kawaida, 1 kwa mambo madogo. Zichomoe moja moja kisha uziunganishe tena, zitalala vizuri. Rangi chagua 12 hadi 15 na ubaki nazo. Mwenye rangi 60 hupoteza jioni nzima akichagua, na mwisho kitambaa kinapiga kelele.

Hatua ya 3: Gawa miezi, kwa bandi si kwa kalamu

Chora duara kwenye karatasi kwa bikari. Usibadilishe upana wa bikari. Itembeze kwenye ukingo wa duara na itaugonga mara 6 kamili. Kata kila sehemu katikati, umepata 12. Bandika karatasi kwenye kioo cha dirisha mchana, weka kitambaa juu yake, na unakili kwa penseli iliyochongwa, kwa wepesi.

Sasa piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, juu ya mistari hiyo kwa uzi wa kawaida wa kushonea, wa rangi isiyo kali. Kalamu za kufutika zina vituko vyake: nyingine hufifia zenyewe kabla hujafika Aprili, zile zinazofutika kwa joto mistari yake inaweza kurudi kitambaa kikipata baridi, na za maji ukizipiga pasi kabla ya kuziosha, wino unaweza kuganda moja kwa moja. Bandi inakaa mwaka mzima na kuchomolewa kwa dakika tano.

Anza kila mwezi pembeni ukielekea katikati. Hapa wengi hujidanganya, kwa sababu kipande ni kipana pembeni na chembamba ndani. Tarehe 10 uwe umeingia kina cha sentimita 2 tu kutoka ukingoni mwa duara lako. Tarehe 20, kama sentimita 4 na nusu. Ukiwa umepita hapo, alama zako ni kubwa mno, na siku za mwisho wa mwezi zitalia.

Hatua ya 4: Daftari kabla ya sindano

Kama utashika jambo moja tu, shika hili: shajara iko kwenye daftari. Kila usiku, kabla ya kulala, andika tarehe na mstari mmoja. "Funguo zimepotea, zilikuwa mfukoni." Basi. Sindano inaweza kuchelewa siku nne, hata wiki, mstari usichelewe. Mtu anayetegemea kumbukumbu atafika Ijumaa asijue Jumanne ilikuwaje, aone aibu, aifunge fremu kabatini.

Ukishashona, chora alama hiyo pembeni mwa mstari wake. Mwezi wa Novemba utamshukuru aliyekueleza kwamba kile kijani cha Machi kilikuwa kinyonga, si tango.

Hatua ya 5: Kuchagua alama

Jiulize: leo kulikuwa na nini ambacho jana hakikuwepo? Chukua kitu, usichukue hisia. Hasira haishoneki, lakini kikombe kilichovunjika kinashoneka.

Tuchukue zile funguo. Uzi mmoja wa kijivu. Mviringo wa milimita 4 kwa mishono sita mifupi ya kurudi nyuma, yaani sindano inatokea mbele kidogo kisha inarudi kuzama palipoishia mshono uliopita. Kutoka kwenye mviringo, mstari mmoja ulionyooka wa milimita 5. Mwishoni mwa mstari, mishono miwili mifupi sana upande mmoja: meno. Dakika kumi, pamoja na kutunga uzi. Umeme umekatika? Mishono mitatu myeupe ya kusimama, imebanana, na juu yake kitanzi kimoja cha rangi ya chungwa: mshumaa.

Na siku mbaya? Weka kanuni mapema: siku ya ugonjwa, msiba au uchovu mtupu inapata kifundo kimoja. Zungusha uzi mara mbili kwenye sindano, zamisha karibu na pale ulipotokea, vuta polepole. Nusu dakika. Siku hiyo imehesabiwa, tena ni halali kabisa.

Hatua ya 6: Mishono

Kurudi nyuma kwa mistari, mnyororo (vitanzi vinavyoshikana) kwa majani na petali, kujaza kwa mishono iliyolala sambamba, na kifundo. Uzi usizidi urefu wa kiwiko hadi ncha za vidole; mrefu zaidi unajisokota na kuchakaa. Usifunge fundo mwanzoni: acha mkia wa sentimita 3 nyuma, uushikilie kwa kidole, na mishono ya kwanza iukamate.

Hatua ya 7: Kuitunza

Nawa mikono, kila mara. Usiache sindano kwenye kitambaa, itapata kutu na doa lake halitoki. Legeza skrubu ukimaliza kushona, na pete ya ndani izungushie utepe wa pamba ili isiache alama. Funika kwa kitambaa safi, mbali na jua.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nimelikuta somo mwaka ukiwa katikati. Nisubiri Januari?*

Usisubiri. Mwaka ni miezi 12 yoyote. Kipande chako cha kwanza kiwe mwezi ujao, na katikati uandike miaka yote miwili. Siku zilizobaki za mwezi huu fanya mazoezi ya daftari peke yake. Ukishindwa kuandika mstari mmoja kila usiku, ni heri ujue sasa.

*Nimepitwa na wiki tatu, na daftari sikuandika. Nianze upya?*

Hapana. Pitia picha na ujumbe kwenye simu yako, utazipata siku nyingi kuliko unavyodhani. Zilizokataa kabisa zipe vifundo vya kijivu, usizitungie habari. Shona zisizozidi tatu kwa mkao mmoja juu ya ile ya leo. Wanaotaka kulipa deni lote Jumapili moja huichukia fremu kufikia jioni.

*Mwaka wenye Februari 29 tufanyeje?*

Hakuna cha kufanya. Vipande vyote ni sawa, na Februari ndiyo yenye nafasi ya ziada. Mwaka wa 2028 itapata alama yake kama nyingine.

*Nyuma ya kazi yangu kuna uzi unaruka kutoka alama hadi alama. Ni kosa?*

Ukiruka chini ya sentimita 1 kati ya alama za rangi moja, sawa. Zaidi ya hapo kata na uanze upya, hasa kwa rangi nyeusi na nyekundu, maana kivuli chake kitaonekana mbele hata bafta ikiwepo.

*Mwanangu, macho yangu yamechoka. Hiyo alama ya sentimita 1 siioni.*

Shikamoo mama. Weka alama moja kwa wiki. Kwenye fremu hiyohiyo ya 25, wiki 52 zinapata karibu sentimita 2.8 kila upande, na utashona kwa nyuzi 3 bila kukodoa. Daftari liendelee kila siku, halafu Jumamosi uchague siku moja ibebe wiki nzima. Binafsi naona hizi hupendeza kuliko zetu.

*Kuna siku sitaki mtu ajue kilichotokea, na fremu nataka kuitundika sebuleni.*

Fremu haisemi kitu. Anayesema ni daftari. Ndege wa bluu ni ndege wa bluu kwa kila mgeni. Wewe funga daftari lako.

*Nyekundu ilichuja nilipoosha kazi nyingine. Hii nitaiosha vipi mwishoni?*

Pima sasa, kabla hujashona: lowesha kipande cha uzi, kibane ndani ya kitambaa cheupe, uone kama kinaacha rangi. Kinachoacha usikitumie. Mwaka ukiisha, chomoa bandi kwanza. Osha kwa maji ya baridi na sabuni laini bila kusugua, suuza hadi maji yatoke meupe, usikamue. Bado ikiwa na unyevu, ilaze kifudifudi juu ya taulo nene na uipige pasi kwa nyuma, ili alama zizame kwenye taulo zisibonyee. Irudishe kwenye fremu ikikauka kabisa.